Memphis Grizzlies msimu huu wa 2025/26: nilipie kutazama mwaka mzima au nisubiri Krismasi ipite?

MamaVitumbua

Wakuu salaam. Najua humu jukwaa la michezo wengi wenu ni Simba na Yanga, mkiona uzi wa kikapu mnapita pembeni kama mmemwona mdai wenu. Leo nivumilieni, nina jambo linanikaa kooni.

Mimi napika vitumbua Magomeni Mapipa, jirani na kituo cha mwendokasi. Naamka saa nane na nusu usiku. Ikifika saa tisa mkaa umeshika, mchele niliousaga jana yake umeshaumuka, naanza kumimina. Sasa timu yangu ya NBA kule Marekani, Memphis Grizzlies, wakicheza kwao saa moja jioni, huku kwetu ni saa tisa hiyohiyo. Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi. Yaani nyie mkiwa mmelala, mimi na Grizzlies tuko kazini pamoja. Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari, nimeivalisha mfuko wa nailoni isirukiwe na mafuta, natumia bando la usiku. Mtandao ukigoma naangalia matokeo tu, namba zinabadilika zenyewe, nakaanga huku nasoma.

Nilianzaje? Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu, nacheza pembeni kwenye timu ya shule kwa viatu vya kuazima. Mtoto wa Dar akaitwa wa pili, na Memphis, kwenye drafti ya Marekani, siku ile timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden, mbele ya Curry ambaye alikuja kuitwa wa saba. Shuleni kwetu hata mwalimu wa Jiografia alitoa ramani akatuonyesha Memphis iko wapi. Baadaye kaka yangu akaenda Karume kunitafutia jezi ya Hasheem kwenye mitumba, akarudi na ya Marc Gasol, namba 33. Nikamwambia siyo hii. Akasema, "Si wote warefu?" Ninayo mpaka leo, ndiyo navaa nikiwa jikoni.

Hasheem wakamtoa Februari 2011, akaenda Houston. Mimi nikabaki. Nimekuwa kama yule mwanamke aliyemfuata mume kijijini kwao, mume akaondoka, yeye akabaki na wakwe. Na wakwe wenyewe ndio hawa.

Msimu uliopita wamenitesa. Machi 28 wakamfukuza kocha Taylor Jenkins zikiwa zimebaki mechi tisa. Tisa! Hata ukimfukuza mpishi si unasubiri shughuli iishe? Wakaingia mtoano kwa kupitia mchujo, wakakutana na Oklahoma City, anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anasonga. Mechi ya kwanza 131 kwa 80. Sikulia, nilicheka tu.

Ila ya tatu hiyo sitaisahau. Alfajiri ya Aprili 25, kesho yake Muungano. Memphis wako nyumbani, wanaongoza kwa pointi 29 kabla ya mapumziko. Nikawa namimina kwa mkono mmoja, mwingine nashangilia. Ja Morant, nyota wetu, akaruka kwenda kufunga, Dort wa Oklahoma akaanguka kwenye miguu yake, Ja akatua kwa nyonga. Nikaganda na kijiti mkononi. Harufu niliinusa kabla sijaona: iliki ikiungua inatoa uchungu fulani unaoshika hadi kwenye nguo. Chuma changu kina matundu saba, vyote saba vilikuwa vyeusi chini. Ja hakurudi tena. Pointi 29 zikaliwa moja moja mpaka zikaisha, wakafungwa 114 kwa 108, kumekucha, kondakta mmoja mteja wangu ananiuliza, "Mama, umefiwa?"

Mechi ya nne wakafungwa kwa pointi mbili, nne bila, tukaenda nyumbani.

Halafu Juni wakamuuza Desmond Bane kwa Orlando. Hapo ndipo penye swali langu. Bane aliitwa wa thelathini kwenye drafti ya 2020, wa mwisho kabisa raundi ya kwanza. Hakuna mtu aliyemwekea jina kwenye fulana. Lakini alikuwa anakuja kazini. Ja akifungiwa, Bane yupo. Ja akiumia, Bane yupo. Pointi 19 kwa mechi msimu uliopita, na mitupo ya mbali inaingia. Mimi ninayeuza chakula barabarani najua mtu wa namna ile ana thamani gani. Niliwahi kuwa na msichana anajua kupika kuliko mimi ila Jumatatu haonekani. Na nikawa na mwingine wa kawaida tu, mvua inanyesha Jangwani imejaa maji, yeye saa tisa na robo anabisha hodi. Nadhani mnajua ni nani niliyemlilia alipoolewa.

Matumaini ninayo, nisiseme uongo. Zach Edey amemaliza mwaka wake wa kwanza kwenye kikosi bora cha wachezaji wapya wa ligi. Kuna huyu mpya Cedric Coward, aliitwa wa 11, alianzia chuo kidogo cha daraja la tatu, mtu wa hivyo anajua bei ya mkaa. Jaren Jackson amesaini tena miaka mitano. Lakini Edey kapasuliwa kifundo Juni, Jaren kapasuliwa kidole cha mguu Julai, na Ja ni Ja.

Swali: nilipie kutazama msimu mzima sasa hivi, au nishike hela yangu mpaka Krismasi ipite nione kama kuna timu? Kwangu hiyo ni hela ya mchele wa siku kadhaa. Nawasilisha.

---

Kitasa_wa_Temeke

Mama uza hiyo jezi ununue gunia la mkaa. Njoo Lakers, wageni tunawapokea.

---

Mzee wa Ribaundi

Mwanangu, nimesoma uzi wako nikiwa nakunywa chai, na bahati mbaya sina kitumbua.

Nikurekebishe sehemu moja. Umesema wakamtoa Hasheem ukabaki na wakwe, kama vile hawakupata kitu. Hapana. Waliyempata ni Shane Battier, mzee wa kazi haswa, wa aina hiyo unayoipenda wewe. Hiyo ilikuwa Februari. Aprili hiyohiyo 2011 Memphis wakaingia mtoano nafasi ya nane, wanacheza na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza Magharibi, yaani ile nusu ya ligi ambayo Memphis wamo. Mechi ya kwanza, zimebaki kama sekunde 24, ni nani aliyetupa ya pointi tatu iliyowageuzia Spurs kibao? Battier. Ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza Memphis kushinda kwenye mtoano tangu timu izaliwe. Wakaendelea mpaka wakawatoa Spurs nne kwa mbili. Yaani Hasheem hata alipoondoka alikuachia mahari.

Mimi siku zile nilikuwa nachezesha vijana pale Upanga, Don Bosco, na kila kijana mrefu wa Dar alikuwa anaambiwa na mama yake "nenda kacheze kama Hasheem". Nilikuwa nawaambia, kijana, urefu ni kama shamba, umepewa, lakini jembe ni lako. Na Hasheem mwenyewe alionewa kwa kiasi fulani. Msimu wa kwanza tu wakampeleka ligi ya chini akajifunze huko. Alikuwa ameanza kikapu ukubwani, wao wanataka matunda mwaka uleule mti umepandwa.

Sasa turudi kwa Bane. Nakubali kila ulilosema juu yake. Ila jiulize: timu yenye Ja, Bane na Jaren ilifika wapi? Mwaka 2022 walishinda mechi 56, wakawa wa pili Magharibi, Golden State wakawatoa raundi ya pili. 2023 wakashinda 51, Lakers wakawatoa raundi ya kwanza. 2024 ndiyo usiseme, mechi 27 tu. 2025 umeyaona. Memphis katika historia yake yote imefika fainali ya Magharibi mara moja, 2013, na Spurs wakalipiza kisasi, nne bila. Na ile ya 2013 haikuwa na nyota anayeruka. Ilikuwa na Gasol wa jezi yako, Zach Randolph, Conley na Tony Allen, watu wanne wanaokukaba mpaka unachukia mchezo.

Kwa Bane wamepewa Caldwell-Pope, ambaye ana pete mbili za ubingwa, ya Lakers 2020 na ya Denver 2023, na Cole Anthony, na nafasi nne za raundi ya kwanza kwenye drafti. Mbili kati ya hizo wameshazitumia kupanda mpaka kumpata huyo Coward wako. Kwa hiyo huyo unayemtumainia katoka kwenye bei ya huyo unayemlilia.

Ushauri: lipa.

---

Mwananchi1935

Mama mimi kikapu sijui, nimeingia hapa kwa sababu ya vitumbua. Lakini habari ya kuuza mtu wa kazi naijua. Mayele alipoondoka Yanga 2023 kwenda Pyramids tulikaa Jangwani kama tuna msiba. Tukasema tumekwisha. Msimu uliofuata ubingwa ukabaki palepale, na Aziz Ki akafunga 21. Timu ni timu. Mtu akiondoka mwingine anatokea.

---

MamaVitumbua

Mzee wa Ribaundi shikamoo. Hiyo ya Battier nilikuwa naijua ila sikuwahi kuiunganisha na Hasheem. Nimekaa nayo toka mchana. Kumbe nimekuwa na kinyongo miaka kumi na minne na mahari nilishakula.

Lakini bado hujanimaliza. Mahari ya Battier ililiwa ndani ya miezi miwili. Hizi nafasi za drafti baadhi ni za miaka ijayo huko, watoto watakaoitwa saa hizi bado wapo sekondari. Mimi mteja akinipa elfu moja asubuhi namwambia "chenji utachukua 2030"? Na Caldwell-Pope namheshimu na pete zake, ila ni fundi wa kusaidia fundi.

@Mwananchi1935, karibu sana. Tofauti ni hii: Mayele alipoondoka, Aziz Ki alikuwa tayari yuko hapo na anacheza. Kwetu sisi aliyebaki ni Ja. Msimu wa 2023/24 alifungiwa mechi 25 kwa mambo ya bastola mtandaoni, akarudi, bega likapasuliwa, jumla akacheza mechi tisa. Tisa kati ya 82. Msimu uliopita akacheza 50. Akicheza ni mtu wa kukufanya usahau kijiti mkononi, kama nilivyosimulia. Lakini ndiye yule msichana wangu wa kwanza. Anapika kuliko wote, Jumatatu hayupo. Na sasa yule wa mvua ya Jangwani wamempeleka Orlando.

Halafu mimi ni Simba. Kwa hiyo mfano wako nimeupokea kwa shingo upande.

---

Mwananchi1935

😂😂 Ningejua nisingekukaribia. Wewe kumbe umezoea mateso, lipia tu.

---

DogoUpanga

Shikamooni. Naomba niongee kuhusu Edey, maana naona kwenye uzi anapita haraka haraka, na dada najua unamwogopa kimoyomoyo ila hujasema. Memphis, mtu wa mita 2.2 na ushee, kaitwa juu kwenye drafti, watu wanacheka kwamba ni mzito. Mwili wako umeshasisimka, unaona 2009 inajirudia.

Siyo. Edey amecheza chuo miaka minne, Purdue, ameondoka pale akiwa mchezaji bora wa vyuo vyote mara mbili mfululizo. Hakuja kujifunza, alikuja anajua anachofanya: anasimama chini ya goli, anaweka mgongo, mnahangaika wenyewe. Msimu wake wa kwanza anakaribia ribaundi (kudaka mpira uliokosa goli) nane na nusu kwa mechi, na hata hachezi dakika nyingi. Na huyu kocha mpya, Tuomas Iisalo, Mfini, ametoka Paris ambako alichukua kombe la EuroCup 2024. Timu zake zinagombea mpira unaokosa kama watu wanagombea mwendokasi ya jioni Kivukoni. Edey kwa kocha wa hivyo ni embe na chumvi.

Wasiwasi wangu mimi ni kifundo. Mtu wa uzito ule kifundo kikianza kusumbua huwa hakiachi. Nacheza senta ligi ya mkoa, kilo zangu 96 tu, nimetegua mara moja pale sakafuni nikakaa nje miezi mitatu, na mpaka leo nikishuka ngazi nasikia "tk". Yeye ana kilo karibu 140. Ndiyo maana mimi ningesubiri. Siyo kwa ajili ya Ja wala Bane. Subiri uone Edey anarudi vipi, anaruka mguu gani, anatua mguu gani. Ukiona anatua kwa mguu mmoja tu, weka hela yako kwenye mchele.

Na wakati unasubiri, njoo Upanga jioni. Savio, Vijana, JKT, Pazi, wote utawaona kwa macho, na hakuna mfuko wa nailoni.

---

Kitasa_wa_Temeke

Dogo umeandika sana ila umesahau kumwambia bingwa ni Oklahoma tena. Watu wameshinda mechi 68 wakachukua kombe na karibu kikosi chote kimerudi. Hapo Magharibi wengine wote tunacheza nafasi ya pili.

---

Mzee wa Ribaundi

Kitasa, tangu Golden State 2017 na 2018 hakuna aliyechukua mara mbili mfululizo. Miaka saba, mabingwa saba tofauti. Usiwape kombe Oktoba.

Dogo, ya kifundo nakubali. Umenipunguza.

---

BandoLaUsiku

Dada kwani lazima ulipe mwaka? Kuna malipo ya mwezi. Lipa mwezi wa kwanza, wakikuudhi unaacha, hakuna mtu atakayekufuata Mapipa. Na ukichukua ya timu moja badala ya ligi nzima inashuka zaidi. Mimi nafanya hivyo na Dallas, tangu wamuuze nyota wao Luka Doncic nalipa mwezi mmoja mmoja kama mpangaji asiyeaminika.

Jambo jingine, punguza ubora wa picha usiku. Ukiacha simu ijichagulie yenyewe bando litaisha robo ya pili, na ndipo utakapokosa Ja akiruka.

---

MamaVitumbua

BandoLaUsiku Mungu akuweke. Miaka yote nilikuwa natumia ya mdogo wangu, yeye ndiye aliyekuwa analipa akiwa chuo, sikujua kwamba kuna ya mwezi. Na yeye hakuniambia, nadhani alikuwa anajua angeniambia ningekuwa nampa ya mwezi.

Dogo, umenisoma. Edey namwogopa. Mara ya kwanza kumwona kasimama pale na jezi ya Memphis nilizima simu nikageuza vitumbua kwanza. Siyo kwamba nadhani hawezi. Ni kwamba mwaka 2009 sikujua kwamba mtu unaweza kumpenda mchezaji halafu yakatokea yale, sasa najua. Ila hiyo ya miaka minne chuoni umenipa pumzi. Nitamwangalia miguu kama ulivyosema. Pole na kifundo chako, na pale Upanga nitakuja Jumapili moja, Jumapili sikaangi.

Kwa hiyo nimeamua: nalipa mwezi mmoja. Timu moja. Mechi zikianzia saa tisa natazama, Novemba zikihamia saa kumi naanza kukaanga mapema ili robo ya nne isinikute na foleni ya wateja. Bane nitakuwa naangalia matokeo yake tu asubuhi, bila picha. Picha ya Bane na jezi ya Orlando siiwezi bado.

Mzee wa Ribaundi, siku ukipita Mapipa niulizie, vyako viwili bure, kwa ajili ya Battier.

---

Kitasa_wa_Temeke

Na mimi je? Kesho niwekee vya elfu mbili, napita saa kumi na mbili kasoro. Utanijua, nitakuwa na jezi ya Lakers.

---

MamaVitumbua

Njoo nayo. Matambara ya kushikia chuma yameniishia.